Watoto wawili, teksi ya mtandao na kiti unachoshuka nacho

*"Naishi Tabata, sina gari. Nina mtoto wa miezi 7 mwenye kilo 8 na mwingine wa miaka 4 mwenye kilo 16. Kliniki, na Jumapili tukienda kwa bibi yao Mbagala, huwa naita teksi ya mtandao kama Bolt. Mara nyingi inakuja Vitz, Passo au IST. Mdogo nampakata siti ya nyuma, au namfunga mbeleko kifuani kisha napitisha mkanda wa gari juu yetu sote wawili. Mkubwa anasimama katikati ya siti za mbele aone njia. Baba yao anasema kwa foleni za Dar hakuna mwendo wa kuumiza mtu, na kununua kiti cha mtoto wakati huna gari ni kutupa hela. Ni kweli? Na kama ni kununua, ninunue kipi, na nitakifunga vipi kwenye gari la mtu ambalo nitashuka baada ya nusu saa?"*

Dada, kiti unakihitaji sawasawa na mwenye gari lake, kwa sababu anayegongwa barabarani haulizwi kadi ya gari ina jina la nani. Hoja ya shemeji kuhusu hela ina uzito kwenye jambo moja tu: ukinunua kiti kisichofaa teksi, kitakaa juu ya kabati na hela itakuwa imepotea kweli. Kwa hiyo nitaeleza kipi kinafaa na kinafungwaje. Kabla ya hapo, kuna mambo mawili ya kuacha safari ijayo, na hayana gharama: mkanda mmoja kwa watu wawili, na mtoto kusimama.

Gari likigonga, kinachosimama ni gari. Waliomo ndani wanaendelea kwenda kwa mwendo uleule mpaka kitu kiwazuie. Wewe utazuiwa na mkanda. Mtoto uliyempakata anazuiwa na mikono yako. Chukua gari lililokuwa kwenye kilomita 50 kwa saa, likasimama ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Mtoto wa kilo 8 wakati huo anaivuta mikono yako kwa nguvu ya kama kilo 113, yaani zaidi ya mifuko miwili ya saruji, na hukupata hata muda wa kukaza vidole. Mapenzi ya mama hayana upungufu hapo. Ni misuli ya binadamu ndiyo haina uwezo huo.

Sasa umepitisha mkanda juu yenu wote. Mkanda unashika, na mwili wako wa kilo 60 kwa hesabu ileile unasukuma mbele kwa zaidi ya kilo 800. Kilichopo kati yako na mkanda ni kifua cha mtoto. Hii ni mbaya kuliko kumpakata bila kumfunga, ingawa inaonekana ni uangalifu. Mbeleko nayo ni nzuri kwa kutembea, ila fundo la khanga halikutengenezwa kuhimili nguvu hizo. Na mtoto akiwa mgongoni, wewe mwenyewe unamgandamiza kwenye siti.

Kuhusu foleni, shemeji amesema kweli nusu. Barabara ya Mandela saa 12 jioni magari yanatambaa. Lakini Jumapili asubuhi, mnapokwenda kwa bibi, barabara hiyohiyo ni nyeupe, malori ya bandarini yanapita, na dereva anawahi abiria mwingine. Kugonga kitu kigumu kwa kilomita 50 kwa saa, ambao ndio mwendo wa juu unaoruhusiwa maeneo ya makazi, ni sawa na kuanguka kutoka karibu mita 10, yaani ghorofa ya tatu. Kwa kilomita 30 ni kama mita tatu na nusu. Na kwa mkubwa anayesimama katikati ya siti, wala haihitajiki ajali. Bodaboda akikatiza na dereva akashika breki ya nguvu, mtoto anafikia dashibodi kwa uso. Yeye ndiye aliye hatarini kuliko wote katika safari zenu, na ndiye rahisi kumsaidia: akae siti ya nyuma, na mkanda wake mwenyewe.

Kwa nini mdogo atazame nyuma

Kichwa cha mtoto mchanga ni karibu robo ya urefu wake, shingo bado ni laini, na mifupa ya uti wa mgongo haijaungana kuwa migumu. Akitazama mbele, wakati wa kugonga mabega yanashikwa na mikanda ila kichwa kinatupwa mbele, na mzigo wote unaishia shingoni. Akitazama nyuma ya gari, kichwa, shingo na mgongo vinazama pamoja kwenye ganda la kiti, na nguvu inatawanyika mgongo mzima. Ndiyo maana kanuni ya kimataifa ya viti vya watoto, R129, hairuhusu mtoto kugeuzwa mbele kabla ya miezi 15. Kugeuzwa kwa kuwa miguu inagusa siti ni kosa linalofanywa na wengi. Mtoto hukunja miguu kama anavyoikunja akikaa mkekani, wala haimuumizi.

Kipi ununue

Kwa mdogo, tafuta kile kiti chenye umbo la kapu na mkono wa kubebea. Kikiwa kitupu huwa na kilo 3 hadi 5, unaweza kukibeba na mtoto akiwa ndani, na kinafungwa kwa mkanda wa gari wenyewe. Hilo la mwisho ndilo la kuuliza dukani: "Kinafungwa kwa mkanda wa kawaida bila kitako chake?" Viti vingine vinategemea vyuma vya kuchomeka ndani ya siti au kitako kinachobaki garini. Kwa mwenye gari ni raha, kwako ni usumbufu, maana hujui gari gani litakuja. Viti vya aina hii vingi vinabeba hadi kilo 13. Mtoto wako bado ana miezi kadhaa ya kukitumia. Kinakwisha pale uzito unapofika au utosi unapokaribia ukingo wa juu wa ganda, lolote litakalotangulia.

Kuna viti vikubwa vinavyoandikwa "tangu kuzaliwa hadi miaka 12". Ni vizuri, na ukipiga hesabu ya miaka vinaokoa hela, lakini vingi ni vizito, na kukifunga upya kila safari huku una watoto wawili mkononi ni kazi ya kukatisha tamaa. Kiti kisichobebeka kitaachwa nyumbani. Heri kidogo kinachotumika kila mara.

Kwa mkubwa kuna njia mbili. Kiti chenye mikanda mitano yake mwenyewe ndicho kinachomshika vizuri zaidi kwa umri huu, hasa kama ni mtoto asiyetulia, ila kwa kawaida kinaishia kilo 18, na yeye ana 16. Njia ya pili ni busta, yaani kiti cha kumwinua ili mkanda wa gari umkae sawa. Chagua chenye mgongo na mwanya wa kuongozea mkanda begani, kinachoruhusu kuanzia kilo 15. Ukimnunulia kimoja tu na bajeti imebana, busta hiyo itamfikisha hadi kilo 36, kwa hiyo ningeanza nayo, kwa sharti kwamba anaweza kukaa wima safari nzima bila kuuchomoa mkanda. Kile kitako kitupu kisicho na mgongo kinabebeka kirahisi mno, lakini bado ni mapema kwake. Atahitaji kuinuliwa mpaka afike kati ya sentimita 135 na 150.

Mtumba haukatazwi, ila ukague kwa ukali. Tafuta stika ya rangi ya chungwa yenye herufi E ndani ya duara, pamoja na maandishi R44/04 au R129. Vya Marekani havina stika hiyo, vina maandishi yanayosema vinakidhi kanuni za usalama za nchi hiyo. Kipindue uone tarehe ya kutengenezwa iliyogongwa kwenye plastiki. Viti vingi hupewa maisha ya miaka 6 hadi 10, kwa sababu plastiki inachoka, na kwa joto letu haichelewi kuchoka. Vua kava uangalie nyufa. Vuta mikanda uone haijakatika nyuzi, na fungo libane na kuachia. Muuzaji akishindwa kukuambia kama kiti kiliwahi kuwa kwenye ajali, bei isikushawishi.

Kukifunga kwenye gari la mtu

Fanya mazoezi kwanza gari likiwa limesimama, hata la jirani, mara tatu au nne mpaka uweze ndani ya dakika mbili. Kama ni dada wa kazi anayewapeleka kliniki, naye afanye hayo mazoezi, tena mbele yako.

Weka kiti cha mdogo siti ya nyuma upande wa kushoto. Sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo mlango huo unafunguka pembeni mwa barabara, na unamfikia mtoto bila kusimama kwenye magari. Usikiweke siti ya mbele. Mfuko wa hewa wa dashibodi ukifyatuka unapiga mgongo wa kile kiti kwa nguvu ya kuua, na kwenye teksi huna namna ya kuhakikisha kwamba umezimwa. Katikati ya siti ya nyuma kungekuwa salama zaidi kwa kugongwa ubavuni, lakini magari mengi madogo ya zamani kutoka Japani hapo katikati yana mkanda wa kiunoni tu, na kiti chako kinahitaji ule unaopita begani pia.

Fuata rangi. Kiti kinachotazama nyuma kina miongozo ya bluu: sehemu ya mkanda ya kiunoni inapita juu ya ganda upande wa miguu ya mtoto, kwenye ndoano mbili za bluu, na sehemu ya begani inazunguka nyuma ya ganda upande wa kichwa. Miongozo myekundu ni ya kutazama mbele. Wengi wanakosea hapa kwa kupitisha mkanda wote upande mmoja, na kiti kinabaki kinaning'inia. Ukishafunga, kandamiza ganda kwa mkono mmoja huku ukivuta mkanda kwa mwingine, kisha shika pale mkanda unapopita, utikise. Kikicheza zaidi ya sentimita 2.5, rudia. Usawa wa kichwa nao uutazame: kidevu kikianguka kifuani, njia ya hewa inabanwa. Taulo lililoviringwa chini ya kiti upande wa miguu ya mtoto, pale siti ya gari inapokutana na mgongo wake, hurekebisha mlalo kwenye siti iliyoinama sana, kama kijitabu cha kiti chako kinaruhusu.

Mikanda ya ndani itokee usawa wa mabega ya mtoto au chini yake kidogo, isijikunje, ikazwe mpaka ushindwe kubana mkunjo wa mkanda kwa vidole viwili pale begani. Usimvike blanketi au shali kabla ya kufunga. Nguo nene inabonyea wakati wa kugonga na kuacha nafasi mtoto achomoke. Funga kwanza, kisha mfunike khanga kwa juu. Gari likiwa limekaa juani, gusa chuma cha fungo kwa mkono wako kabla hakijagusa paja lake.

Kwa mkubwa, mkanda wa chini ulale juu ya mifupa ya nyonga, chini kabisa karibu na mapaja, na wa juu upite katikati ya bega. Ukiwa juu ya tumbo, ajali ikitokea unabonyea ndani na kuumiza utumbo, ini au bandama. Usimruhusu kuupitisha chini ya kwapa. Hata siku ambayo busta imebaki nyumbani, mkanda wa begani ubaki begani.

Wewe unakaa wapi? Vitz yenye viti viwili vya watoto nyuma inakuachia nafasi nyembamba katikati, na mkanda wake ni wa kiunoni. Kama unatosha, kaa hapo ufunge. Kama hutoshi, kaa mbele ufunge mkanda. Mtoto aliyefungwa vizuri akilia kwa dakika tano hadhuriki. Anayetolewa kwenye kiti ili anyonye gari likitembea amerudi kwenye ile hesabu ya saruji. Mwambie dereva aegeshe, nyonyesha, mrudishe.

Kuita gari na kukubaliana na dereva

Ujumbe mmoja unaokoa ugomvi mwingi. Dereva akishapokea tu, mwandikie: "Habari kaka, nina watoto wawili na viti vyao. Mikanda ya nyuma inafanya kazi? Nitahitaji dakika tatu kufunga." Tatizo la kawaida si mkanda kuharibika. Ni kwamba yale mafungo yamefunikwa na kava za siti, au yamesukumwa chini ya siti kwa kuwa abiria hawayatumii. Kumwomba ayatoe kabla hajafika ni adabu, na kunakupunguzia muda wa kusubiri unaolipiwa. Akisema mikanda haipo, mshukuru na uite mwingine. Usiingie kwa aibu.

Magari mengi ya mtandao Dar sasa yana mtungi wa gesi kwenye buti, kwa hiyo usitegemee nafasi ya kigari cha mtoto. Begi zito liweke chini miguuni, si kwenye rafu ya nyuma ya vichwa vyenu. Chupa ya chai inayoruka inaumiza kama jiwe.

Gari likifika, linganisha namba, aina ya gari na sura ya dereva na vilivyo kwenye simu, mkiwa bado ndani ya geti. Muulize "Umekuja kumchukua nani?" badala ya kumtajia jina lako. Kama programu ina namba ya siri ya safari, iwashe, na mtumie baba yao kiungo cha safari. Wakati unafunga kiti, mkubwa apewe kazi: aweke kiganja ukutani au getini na asikiondoe mpaka umwite. Mlango wake uwe na loki ya watoto. Ni kile kiswichi kidogo kwenye ukingo wa mlango, kinaonekana ukiufungua. Mkifika, maliza malipo mkiwa bado mmekaa, na mlango mmoja ubaki wazi mpaka watoto wote na mizigo vimeshuka. Usimpeleke mdogo getini ukamwacha mkubwa kwenye gari, hata kwa nusu dakika.

Kuhusu mwendo, sema mapema na kwa upole: "Kaka, twende taratibu, hatuna haraka." Kutoka 50 kushuka 40 kunapunguza nguvu ya kugonga kwa zaidi ya theluthi moja. Asiposikia, omba akushushe mahali salama penye watu. Ukihisi hatari, tumia kitufe cha dharura cha programu au piga 112.

Wengine hupata dereva mmoja wanayemzoea na kumwita kwa simu nje ya programu. Faida yake ni kubwa: anajua kiti, anakuja na mikanda tayari. Ila safari haionekani popote. Mwombe huyohuyo, lakini mtumie baba yao namba ya gari kila mnapoondoka.

Na siku ambayo kiti hakipo kabisa? Kama safari inaweza kusubiri, isubiri. Kama ni lazima, basi kubwa saa isiyo na msongamano, mkiwa mmekaa katikati ya basi, ni afadhali kuliko gari dogo, kwa kuwa uzito wa basi unapokea sehemu kubwa ya kishindo, ingawa breki ya ghafla bado inaangusha. Bajaji haina milango wala mikanda ya kumshika mtoto. Bodaboda kwa mtoto wa miezi 7 naikataa, hata kwa mwendo wa kituo kimoja. Ikiwa ni dharura ya hospitali na gari pekee halina kiti, panda: kaa nyuma, jifunge mkanda wewe peke yako, mpakate mtoto nje ya mkanda, na mkubwa awe na wake. Hiyo haimlindi mdogo. Inamwondolea tu hatari ya kubanwa na mwili wako.

Wakati wa kumwona mtu ana kwa ana

Mtoto aliyezaliwa njiti, mwenye uzito mdogo, mwenye shida ya kupumua, misuli legevu, kichwa kikubwa kwa maji, au plasta ya nyonga au miguu, asiwekwe kwenye kiti kwa maelezo ya kuandikwa kama haya. Nenda na kiti chenyewe kliniki, daktari au mtaalamu wa mazoezi ya viungo amwone akiwa amekaa ndani yake. Na kwa mtoto yeyote mchanga, kiti cha gari si kitanda. Mkifika, mtoe hata kama amelala.

Mkipata ajali, hata ya bamba kupinda tu, mkague uchi mwanga ukiwepo. Alama ya mkanda tumboni, kutapika, usingizi usio wa kawaida, shingo anayokataa kuigeuza, kilio kisichobembelezeka au utosi kuvimba: nendeni hospitali siku hiyohiyo, hata akiwa anacheza, kwa sababu jeraha la tumboni huweza kuchelewa kujionyesha. Mtoto asipoamka au asipopumua vizuri, msimwinue kwa kumvuta mikono. Shikilieni kichwa na shingo viwe sawa mkitafuta msaada. Kiti kilichokuwa kwenye ajali yenye kishindo kisitumike tena. Kata mikanda yake kwa mkasi kabla ya kukitupa, asije mtu akakiokota na kumfungia mwanawe.